Chuo chenu kimeingia kwenye ushirika wa vyuo? Anzeni na mtu wa matokeo

Picha za kusaini hati za makubaliano zinafanana zote. Makamu wakuu wa vyuo wameketi, bendera ndogo mezani, kalamu mkononi. Nyuma yao kuna msururu wa suti, na pembeni kabisa yupo mtu amekumbatia mafaili. Huyo wa mafaili huwa ni mimi, au mwenzangu mwenye kazi kama yangu. Nimeratibu ushirikiano wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kusema bila kumung'unya maneno kwamba siku ya picha ndiyo rahisi kuliko zote.

Ndiyo maana mhadhiri kijana akinifuata na kuniuliza, "Kaka, idara yetu imeambiwa iingie kwenye ushirika wa vyuo vinavyofundisha na kutafiti pamoja, tuanzie wapi?", simwelekezi kwa wakubwa. Namwambia aende ofisi ya msajili, amtafute anayeingiza matokeo kwenye mfumo, amuulize: mwanafunzi wetu akisoma kozi chuo kingine, alama zake utaziweka wapi? Akijibiwa "hiyo kozi mfumo hauitambui", ajue ushirika wao bado uko kwenye picha.

Wengi hudhani natania. Ngoja nieleze krediti.

Kwa utaratibu wa TCU, ile tume inayosimamia vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, maabara, maktaba na kujisomea usiku. Mwaka wa masomo una krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360. Ulaya nao wana krediti zao, na mwaka wao mzima ni 60. Kwa hiyo kijana wetu akienda kule muhula mmoja akarudi na krediti 30, amefanya kazi ya muhula mzima, yaani 60 za kwetu. Nimeshuhudia idara moja ikimwandikia binti hizo 30 kama zilivyo, kisha ikamdai kozi za kujazia pengo ambalo halikuwepo. Binti alisoma muhula uleule mara mbili, mara moja kwenye baridi na mara moja kwenye joto la Februari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyepokea karatasi aliona tarakimu 30, basi akaandika 30.

Alama nazo zina vituko vyake. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 70 ni A. Makerere ya Uganda, A huanzia 80. Mtu aliyezoea kushangiliwa kwa 72 hapa, akiipata Kampala hakuna atakayeiita A, na akirudi nayo nyumbani kuna maswali: tuichukue tarakimu au tuichukue herufi? Ukichukua tarakimu umempendelea, ukichukua herufi pengine umemwonea, maana mtahini wa kule alikuwa anatoa alama akijua ngazi za kwao. Mimi sina jibu moja la kila mahali. Ninachosisitiza ni kwamba jedwali la kulinganisha liandikwe, lipite kwenye bodi ya kitivo na seneti, na lipitishwe kabla mwanafunzi wa kwanza hajafunga begi. Jedwali linalotengenezwa baada ya matokeo kufika hutengenezwa kwa kumtazama mtu usoni.

Nauamini ushirika wa vyuo, msinielewe vibaya. Nimelelewa nao. Mpango ninaoutolea mfano kila mara ni wa AERC, ile taasisi ya utafiti wa uchumi iliyoanzishwa mwaka 1988 ikiwa na makao Nairobi. Kuanzia miaka ya 1990 ilisimamia shahada ya uzamili ya uchumi inayofundishwa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali za Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Kozi za msingi mnasomea kwenu. Halafu mnakusanywa Nairobi, Mtanzania, Mghana, Mmalawi na wengine, mnasoma kozi za kuchagua kwa walimu walioletwa kutoka huku na huku. Nilipita humo. Baridi ya Nairobi ya Julai mtu wa Temeke hasimuliwi akaamini, ila pale ndipo nilipofundishwa ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na mtu aliyeiishi, tena na wenzangu walionibishia kila nilichokuwa nimekizoea.

Nilipokuja kuratibu ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini ule mpango ulisimama na mingine mingi ikaishia kwenye kabati. Naona ni kwa sababu ulizaliwa kutokana na upungufu. Idara ya uchumi ya chuo kimoja haiwezi kuwa na bingwa wa uchumi wa afya, wa kilimo, wa kazi, wa fedha za kimataifa na wa mazingira kwa wakati mmoja, na hata ikiwapata, kozi ya kuchagua itakuwa na wanafunzi watatu. Ukiwakusanya wa vyuo vingi, darasa linajaa na mwalimu anapatikana. Kila idara ilijua inakosa nini, na kalenda zilipangwa kuifuata safari ya Nairobi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua kwa chuo chochote, kaeni kikao cha idara mseme kwa ukweli kozi gani mnaifundisha kwa kubahatisha. Kila idara inayo. Kuna ile kozi ambayo mwalimu wake alistaafu na sasa anarushiwa yeyote mwenye nafasi. Hiyo ndiyo kozi ya kuanzia ushirika. Na mseme pia mnayo nini ambacho wengine hawana, maana mkienda mikono mitupu mtageuzwa wapokeaji, na mpokeaji hapangi ratiba.

Wazee wetu walishajaribu jambo kubwa kuliko hili. Chuo cha Dar kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Masomo ya gharama yaligawanywa: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mkenya au Mganda aliyetaka uwakili alikuja kwetu. Kwa nchi zilizokuwa na wasomi wa kuhesabu kwa vidole, mgawanyo huo ulikuwa na akili kabisa. Ila kila serikali ilikuwa na mipango yake ya maendeleo na ilitaka wahandisi na madaktari wake, kwa idadi yake, kwa wakati wake. Mwaka 1970 chuo kikagawanyika vyuo vitatu, na mwaka 1973 Dar ikafungua kitivo chake cha uhandisi.

Huwa nawasimulia wakuu wa idara habari hiyo kwa sababu moja. Mkigawana kazi, wekeni tarehe ya kuupitia mgawanyo upya. Chuo kilichokubali leo kutofundisha somo fulani kitakuja kulitaka, na kisipokuwa na mlango wa kulisema hilo kitatoka kwa dirisha. Halafu angalia, hata baada ya kutengana watu hawakuacha kuhitajiana: mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Mlango upo. Msiende kuvumbua kanuni ambazo baraza lilishaziandika.

Sasa jambo ambalo hunikera kidogo. Jiji hili limejaa vyuo. Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi ni majirani wa kutembeleana kwa miguu. Muhimbili, chuo cha afya, iko Upanga, Chuo Kikuu Huria kiko Kinondoni, Chang'ombe kuna chuo cha ualimu, na katikati ya jiji kuna vyuo vya fedha, biashara na ufundi. Tena Ardhi na Muhimbili zilikuwa sehemu ya Mlimani hadi 2007, kama ilivyokuwa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, hadi 1984. Ndugu wa nyumba moja. Lakini mhadhiri atahangaikia ushirika na chuo cha ng'ambo miaka miwili, na jirani yake mwenye maabara anayoihitaji hajawahi kumpigia simu. Anza na jirani. Makosa yote ya krediti, ratiba na malipo utayaona kwa nauli ya daladala, na utakapofika kwenye ushirika wa nje utakuwa umeshajua maswali.

Ila hata kwa jirani, panga kwa kuijua Dar. Kozi yenye kipindi cha urefu wa saa moja tu, kinachoanza saa sita mchana, inayomtaka mwanafunzi wa Upanga afike Mlimani halafu awahi kipindi kingine Upanga, hiyo umeiua kabla haijazaliwa. Basi la mwendokasi litamfikisha Ubungo, kutoka hapo atajijua. Tenga siku nzima kwa kozi za pamoja, mwanafunzi ashinde kwenye chuo kimoja. Kwa vyuo vya nchi nyingine, tazama kalenda: Makerere kwa kawaida huanza mwaka Agosti, sisi Oktoba au Novemba, hivyo muhula wao unakata katikati ya likizo yetu. Kozi fupi ya wiki chache, iliyobanwa sehemu moja, hupita pale ambapo kozi ya muhula mzima hukwama.

Kufundisha kwa mtandao kunasaidia, sina mengi ya kusema hapo. Rekodi kila kipindi, kwa sababu umeme utakatika siku utakayosahau. Na mkiwa na wenzenu wa Kigali kumbukeni wako saa moja nyuma yetu.

Halafu kuna mhadhiri mwenyewe. Akifundisha wanafunzi wa chuo kingine, kozi hiyo ihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi na ionekane kwenye faili lake la kupandishwa cheo. Isipohesabiwa, ataifundisha mwaka wa kwanza kwa moyo, wa pili kwa posho, wa tatu atakuwa na udhuru. Nimewaona wazuri sana wakijitoa hivyo, na sikuwalaumu.

Kwenye utafiti, hali ni tofauti kwa sababu kuna fedha, na fedha huleta haraka. ARUA, ule ushirika wa vyuo vikuu vya utafiti vya Afrika, ulizinduliwa Dakar mwaka 2015 na vyuo 16, Dar es Salaam kikiwa kimojawapo, na hoja yake ni ya kweli: maswali makubwa ya afya, chakula na tabianchi yanataka vikundi vikubwa. Lakini kikundi kikubwa kina ugomvi mkubwa. Andikeni mapema takwimu zitatunzwa kwenye seva ya nani, nani anaruhusiwa kuzitumia baada ya mradi, majina kwenye makala yatapangwaje, na kama mwanafunzi wa uzamivu aliyekusanya takwimu juani atakuwa mwandishi au atashukuriwa tu mwishoni. Andikeni pia mashine itabaki kwa nani, na nani atanunua vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, mfadhili akiondoka. Kuna mashine nzuri sana hapa mjini zimefunikwa shuka.

Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pamoja na makubaliano ya maandishi iwapo sampuli zitavuka mpaka. Wenzetu wa nje wasiojua hupanga mradi kana kwamba kibali ni cha kesho yake. Weka muda wa vibali kwenye ratiba tangu andiko la kuomba fedha, na muda wa kutoa vifaa bandarini pia.

Kwa wewe mwanafunzi uliyechaguliwa kwenda: usiondoke na ahadi ya mdomo. Pata barua ya mkuu wa idara yenye majina ya kozi utakazosoma, kozi za hapa zitakazofutwa badala yake, na idadi ya krediti kwa hesabu ya kwetu. Kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo, waulize fedha zako zitakuwaje ukiwa nje. Ulizia bima. Kule, tunza muhtasari wa kila kozi na maswali ya mitihani, kwa sababu kuna mtu atakuuliza hiyo kozi ilihusu nini na jina pekee halitamtosha. Na siku ya mwisho nenda mwenyewe kwa msajili wa chuo cha kule, udai nakala ya matokeo yenye muhuri kabla hujapanda basi. Ukishafika Dar na kuanza kuwapigia simu, utaambiwa mhusika yuko kwenye kikao.