Anzia Gauze, halafu usiishie hapo

Kaka, kusema bendi ya Dir en grey "waliisaliti" visual kei (rock ya Kijapani ya vipodozi na mavazi ya kupindukia) siku walipopunguza wanja na rangi za nywele, hapo sikubaliani nawe. Albamu yao Gauze ya 1999 naipenda sana, na mkono wa Yoshiki, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi ya X Japan, kwenye baadhi ya nyimbo zake unasikika wazi. Lakini Uroboros ya 2008 ndiyo albamu yao iliyonikosesha usingizi. Kyo, mwimbaji wao, ananong'ona, analia, ananguruma, kisha anapanda juu kabisa kwa sauti nyembamba, yote ndani ya wimbo mmoja. Uso mtupu haujapunguza kitu hapo.

Na tukumbuke, X wenyewe (jina la X Japan wakati ule) walipotoa albamu ya Blue Blood mwaka 1989 na nywele zao zile zilizosimama wima (sijui walilalaje!), kilichobaki masikioni ni kasi ya ngoma na gitaa la hide. Vipodozi vilikuwa mlango tu.

Umeuliza pia pa kuanzia kwa bendi nyingine kama X unawajua tayari: sikiliza albamu ya Mother ya bendi ya Luna Sea, 1994. Sugizo anashika gitaa, mara anachukua fidla, na besi ya J haijifichi nyuma kama kwenye bendi nyingi. Kwangu inaishinda Merveilles ya bendi ya Malice Mizer, ingawa kwa mavazi hao hawana mpinzani.

Art of Life ya X Japan iache kwanza. Wimbo mmoja dakika 29, na piano ya katikati inataka subira ya mvuvi.