Kabla Hujauimba, Uliza Uliimbiwa Nani

Juzi usiku nimeshuka jukwaani Westlands, hapa Nairobi, kidole gumba cha mguu kinawaka moto, nikakuta ujumbe kwenye simu. Msichana wa Kayole, muimbaji wa kwaya, anataka "kuimba nyimbo za kwetu kama wewe, dada". Anauliza aanzie wapi, avae nini, na kama zinalipa. La mavazi sitalijibu. Hayo mengine mawili yamenikosesha usingizi, na kwa kuwa najua nawe unayesoma hapa una ndoto hiyohiyo, wacha niwajibu pamoja.

Mimi nilianzia pabaya. Sikuwa na nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, wala mwalimu. Nilikuwa na sauti, na kaseti moja ya marehemu babu. Humo nikaokota wimbo ulionikaa kichwani wiki nzima. Maneno sikuyaelewa vizuri, maana Kijaluo changu cha mtaani Umoja ni cha kuombea chai tu. Nikautilia gitaa na ngoma za kompyuta, nikaenda kuuimba kwenye harusi South B.

Ubeti wa pili sijaumaliza, meza ya akina mama wa upande wa bwana harusi ikanyamaza. Nyanya mmoja akaweka soda yake chini, akajifunga leso upya, akatoka nje. Nikajiambia nimemgusa moyo. Kumbe ulikuwa wimbo wa matanga! Nilikuwa nimewaimbia maharusi kilio cha mtu aliyezikwa kabla sijazaliwa. Malipo sikupewa na sikuthubutu kuyadai. Mpaka leo matatu ikipita South B natazama dirisha la upande wa pili.

Basi ushauri wa kwanza: nenda kwa wazee. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye basi la Siaya.

Jaduong', yaani mzee, niliyeelekezwa kwake alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema nyatiti ni ya wanaume, mimi niende nikaimbe dodo, nyimbo za wanawake, na akina mama wenzangu. Nikaenda. Siku tatu niliwachotea maji na kuwaitikia. Siku ya nne akaniita mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi, njuga za gara zimefungwa mguuni, pete ya chuma, oduong'o, imevikwa kwenye kidole gumba. Pete hiyo ndiyo inayogonga mti wa nyatiti huku vidole vya mkono vikicharaza nyuzi nane. Akazigusa nne: "Hizi ni siku nne za mtoto wa kiume anapozaliwa." Akazigusa nne zilizobaki: "Na hizi ni za kufa kwake." Hapo nikaelewa kwa nini aligoma. Chombo chenyewe kilikuwa kinahesabu maisha ya mwanamume. Kisha akanivisha ile pete, na kufikia jioni kidole kilikuwa kinatoa damu.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa mazoezi na malengelenge tu.

Lililoniuma liko Nairobi. Mji huu ulimshangilia Eriko Mukoyama, Mjapani tunayemwita Anyango, alipoipiga nyatiti, na alistahili makofi yake. Mimi wa Umoja nilipoishika, kiongozi wa kwaya yangu alisema nimeanza kuchezea mizimu, na kiti changu cha sauti ya kwanza kikapata mtu mwingine Jumapili iliyofuata. Nimesamehe. Sijasahau.

Kuhusu pesa: zinalipa, ila polepole. Hoteli moja iliniweka mlangoni niwachezee wageni wakipokea juisi, kama chungu cha maua, halafu jukwaa akapewa DJ. Sasa nataka nusu kwa M-Pesa kabla sijatoka nyumbani, na nataka jukwaa. Nenda pia mapema ukaelewane na fundi wa sauti. Wangu wa kwanza alikibana kipaza sauti kwenye ngozi ya nyatiti, kila nikigonga mguu spika zikanguruma kama lori la mchanga. Kisogeze nyuma kidogo, kisikie nyuzi na pete pamoja.

Na jamani, vijana, tuache uvivu. Mnataka kuchanganya kabla ya kujua mnachanganya nini. Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo mnaouona wa kisasa, gitaa lake liliiga nyatiti. Ayub Ogada, mwanamuziki wetu wa Kijaluo, aliipiga nyatiti mitaani London kabla dunia haijamjua, na hakuionea haya. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Haraka! Nasi tunangoja nini? Kila mzee anayezikwa kijijini anaondoka na nyimbo ambazo hakuna kaseti iliyowahi kuzinasa, na sisi tunabishana kuhusu shanga za kuvaa. Nendeni kwa wazee. Nimeshasema, narudia.

Yule msichana nimemjibu usiku uleule. Jumamosi saa nne asubuhi, Umoja, kwangu. Aje na wimbo mmoja wa nyanya yake, aniambie uliimbiwa nani na siku gani. Na akate kucha za miguu.