Mbona tena mchango wa jimbo?

Umeuliza kwa nini uchangie jimbo, yaani parokia zote zilizo chini ya askofu mmoja, wakati kila Jumapili unatoa sadaka parokiani. Swali la haki kabisa. Sehemu kubwa ya sadaka ile huishia pale pale: umeme, divai, posho ya katekista. Lakini padre anayekusomea misa alisomeshwa seminarini miaka mingi, na yule padre mzee aliyestaafu bado anakula na kutibiwa. Mizigo hiyo hubebwa na jimbo.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inawataka waamini wasaidie mahitaji ya Kanisa, ila haitaji asilimia. Kwa hiyo usitishwe na hesabu ya fungu la kumi.

Mimi nafuata ushauri wa Paulo kwa Wakorintho (1 Kor 16:2): kuweka kando kitu kila siku ya kwanza ya juma. Bahasha yangu inakaa ndani ya kitabu cha nyimbo, imeshachakaa kingo, mwisho wa mwezi naipeleka. Nilipokuwa nasubiri nipate kikubwa, sikutoa kitu (najijua).

Na hesabu ziulizeni bila woga. Kanuni ya 1287 inataka waamini waelezwe walichotoa kimetumikaje.