Wakili, andikia mawakili wenzako

Mawakili wengi wakifungua akaunti ya X au LinkedIn huanza na tangazo: tunashughulikia mirathi, ajira, ardhi na mikataba, piga simu. Posti kama hiyo haina msomaji. Mtu hamfikirii wakili mpaka shida imfike, na ikimfika huenda kwa anayemwamini. Mara nyingi huyo anayemwamini ni wakili pia, labda aliyemwandikia hati ya nyumba, ila kesi za ajira hazigusi. Kazi nzuri zilizonijia kupitia posti fupi zilipitia njia hiyo. Mwenzangu aliniandikia: "Nina mteja, jambo lake ni lile unaloliandikia kila mara. Nimpe namba yako?"

Ndiyo maana nasema waandikie mawakili wenzako, tena kwenye eneo moja tu la sheria. Mimi nimekaa kwenye ajira. Hukumu mpya ikitoka naisoma yote, kisha nachagua hoja moja: mahakama iliulizwa nini, imejibu nini, na mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kesho abadilishe nini. Nataja namba ya aya na kuweka kiungo cha hukumu yenyewe, kwa sababu wakili hakuamini mpaka ahakikishe. Twitter, ambayo sasa ndiyo X, ilianza mwaka 2006, na kwa miaka mingi iliruhusu herufi 140. Mwaka 2017 zikawa 280. Ufinyu huo ni zawadi kwa watu wa taaluma yetu. Ukishindwa kuieleza hoja ndani ya nafasi hiyo, irudie hukumu, huenda hujaielewa.

Majibu yana faida kuliko posti zako mwenyewe. Mwenzako akiuliza kuhusu muda wa kukata rufaa, mjibu na umtajie kifungu. Akichambua kesi vizuri, msifu hadharani na uongeze alichokiacha. Hivyo ndivyo watu wanavyokujua unavyofikiri kabla hamjaonana. Idadi ya wafuasi usiihangaikie. Mawakili thelathini wanaokusoma kwa makini wanatosha kabisa.

Kuhusu siri ya mteja sina mzaha. Wapo wanaodhani kesi ikishasikilizwa hadharani wako huru kuisimulia. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, katika maoni yake rasmi namba 480 ya mwaka 2018, kilisema wazi kwamba wajibu wa kutunza siri unabaki hata kama taarifa imo kwenye kumbukumbu za mahakama, na kwamba kubadilisha kisa kiwe cha kufikirika hakusaidii iwapo msomaji anaweza kumtambua mteja. Hata kama hauko chini ya kanuni zao, huo ni mpaka mzuri wa kujiwekea. Kesi zangu siziandiki mtandaoni. Hukumu za wengine zinatosha.

Kanuni za chama chako kuhusu matangazo zisome kabla ya posti ya kwanza. Marekani kwenyewe, Mahakama ya Juu iliwafungulia mawakili mlango wa kujitangaza mwaka 1977 tu, katika kesi ya Bates dhidi ya Chama cha Mawakili cha Arizona, na zipo nchi ambako bado umefungwa au uko nusu wazi. Maneno kama "bingwa" na "hatushindwi" yaepuke popote ulipo.

Hatari ninayoona inasahaulika zaidi iko inboksi. Mtu usiyemjua anakumwagia habari yake yote usiku, na kumbe ndiye anayemshtaki mteja wako. Ukishaisoma, huenda tayari umejiingiza kwenye mgongano wa maslahi. Kwenye wasifu wako andika kwamba hupokei maelezo ya kesi kwa ujumbe, na anayeanza kusimulia mjibu mapema: "Tafadhali usiniandikie zaidi. Nitajie majina ya pande zote mbili, nihakikishe kwanza kama naweza kukusikiliza." Majina yakishapita salama, mhamishie ofisini.