Kifua kikuu cha mgongo na hofu ya kisu

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yetu, mvuvi wa Ukerewe, ameanza dawa za kifua kikuu cha mgongo, lakini miguu inazidi kulegea na hospitali inashauri upasuaji. Ndugu wanasema kisu cha mgongo kinapoozesha, na yupo mkandaji anayeahidi kukirudisha kigongo. Tusubiri kwanza amalize dozi?

JIBU: Marahaba. Msisubiri. Wagonjwa wengi wa maradhi haya hupona kwa vidonge peke yake, kwa kawaida miezi 9 hadi 12, lakini miguu inayozidi kulegea huku dawa zikimezwa ni dalili kwamba usaha au kipande cha mfupa kinabana mishipa ya fahamu, na kidonge hakisogezi mfupa. Mpasuaji huondoa kinachobana, na pingili za uti wa mgongo zilizolegea huzifunga kwa vyuma na skurubu, ambavyo vinaweza kubaki humo mradi dawa zinaendelea. Akishindwa kuzuia haja au akipata ganzi sehemu za siri, mleteni siku hiyohiyo.

Upasuaji huu una hatari zake, na mpasuaji ana wajibu wa kuwaeleza. Hata hivyo, wengi ninaosikia wakitajwa kuwa walipoozeshwa na kisu walifika kwetu miguu ikiwa imekwisha kufa, baada ya miezi ya kuzungushwa kwa wakandaji. Pingili iliyoliwa na vimelea ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa, na mtu anayeikandamiza kwa goti akidai anainyoosha anaweza kuivunja palepale.

Wenye wembe nao hawako nyuma. Usaha wa mgongoni huweza kuteremka na msuli wa kiunoni hadi kinenani, ukatokeza uvimbe usio na moto, ambao mmoja huuita ngiri na mwingine huuchana, kikabaki kidonda kinachovuja kwa miezi. Maduka ya dawa nayo huchoma sindano za steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe lakini hushusha kinga ya mwili, maumivu yakatulia na vimelea vikapata nafasi. Wapo pia wanaoacha vidonge mara tu nyuzi zinapotolewa, wakidhani kisu kimemaliza kazi.

Anayeumwa mgongo kwa wiki kadhaa, akawa na homa za jioni, akakonda, na akiokota kitu anachuchumaa badala ya kuinama, apimwe, na ikibidi kipande cha pingili kipelekwe maabara, kwa kuwa bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaoweza kutokana na maziwa mabichi, hushambulia mgongo vilevile, na mseto wa dawa zake si huu wa kifua kikuu.