Kabla hujanunua tukutuku, na baada ya kuinunua

Hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, mtu akinunua tukutuku ya mizigo, yaani pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, majuto humjia mara mbili. Ya kwanza yaache yapite. Ya pili yasikilize kwa makini sana.

Ya kwanza huja ndani ya wiki chache. Pesa imeshatoka, chombo kiko uani, na kila mpita njia ana lake: ungechukua ile ya injini inayopozwa kwa maji, ungefika Kampala wangekupunguzia, ungeongeza kidogo ukanunua gari. Maneno hayo huuma kwa sababu pesa iliyotoka ni nyingi, hata kama chombo chenyewe hakina kosa. Nimeendesha tukutuku miaka kadhaa, na nimewaona vijana wa steji yetu wakiuza zao kwa hasara kwa ajili ya maneno kama hayo, halafu aliyenunua akafanya kazi nayo mpaka akajenga nyumba. Ukishalipa, acha kuulizia bei. Anza kuitunza injini. Kilomita 500 za kwanza haitaki mzigo mzito wala kukamuliwa, na oili ya mwanzo imwage mapema, maana hutoka na chembe za chuma za vyuma vipya vinavyosuguana. Anayejaza magunia tangu siku ya kwanza ili pesa yake irudi haraka, huyo ndiye baadaye utamsikia akisema aliuziwa mbovu.

Majuto ya pili huja taratibu, baada ya miezi. Jioni unahesabu: mafuta, spea, posho ya mpakiaji, rejesho la mkopo, na hakuna kinachobaki. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba tukutuku ilinunuliwa kabla kazi yake haijakuwapo.

Mama mmoja anayeuza vitunguu sokoni aliniuliza, "Mwanangu, na mimi ninunue?" Nikamuuliza huwa anakodi tukutuku mara ngapi kwa wiki. Karibu kila siku, akasema, na wenzake wa meza za jirani pia hukodi. Nikamwambia, "Mama, tayari unalipia tukutuku, ila ni ya mtu mwingine." Alinunua, na mpaka leo ameridhika, kwa kuwa mzigo ulitangulia chombo. Kwa hiyo nunua daftari kwanza. Andika nani ana mzigo, unatoka wapi kwenda wapi, mara ngapi kwa wiki, na kama kuna cha kurudi nacho. Safari ya kurudi mtupu ndiyo inayokula faida ya wengi wetu.

Kisha itazame njia yako, na hapa nakuomba usiharakishe. Kutoka mjini kuelekea Kumi na Soroti ni tambarare, na injini ya kawaida ya ukubwa wa sisi (cc) 200 huenda na magunia yake bila kulalamika. Geukia upande wa Bududa, au panda Mlima Elgon kuelekea Sipi na Kapchorwa, na chombo kilekile, kwa mzigo uleule, kitachoma klachi na kunywa mafuta mengi mno. Kwenye njia za udongo kuna tabu nyingine. Magari huchimba mifereji miwili, katikati hubaki tuta la majani na mawe. Tairi za nyuma za tukutuku hupita mferejini, la mbele hupanda juu ya tuta. Shimo ambalo dereva wa gari angeliweka katikati ya tairi zake, wewe unaliingia moja kwa moja. Beringi za mbele huisha upesi, na mabega yako pia. Kama vijiji unavyohudumia viko huko, kodi tukutuku ya mwenzako kwa siku chache na upite njia hiyo mvua ikiwa inanyesha, kabla hujatoa hata shilingi.

Kuhusu kupinduka, nasema kwa uzito wote. Chombo hiki kimesimama kwa miguu mitatu kama mafiga: mbele hakina pembe za kukishikilia. Ukikanyaga breki huku unakata kona, uzito hukimbilia mbele na ubavuni, mahali pasipo na tairi. Punguza mwendo kabla ya kona, panga mzigo mzito chini, na usirundike magunia juu kwa sababu tu kamba zinafika. Gunia la mahindi la kilo 100 likiwa juu kabisa linakuvuta vingine kabisa kuliko likiwa sakafuni.

Spea: uliza mafundi wa mjini kwako, usimuulize muuzaji. Wakikwambia difu (gia za ekseli ya nyuma) ya aina hiyo lazima iagizwe Kampala, chagua nyingine.

Mkopo nao uwe na sura ya mwaka wetu. Mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa mwezi wa saba na wa nane, kahawa ya Bugisu, eneo letu hili, hushuka mlimani kuelekea mwisho wa mwaka. Kati ya hapo kuna miezi mikavu isiyo na mzigo, na rejesho la kila wiki halijui ukavu. Kubaliana na mkopeshaji kiasi ambacho hata mwezi mbaya kabisa unakiweza.

Na kama majuto ya pili yameshakufika, usikimbilie kuuza. Badilisha njia kwanza. Achana na mlima, tafuta mizigo ya tambarare, kreti za soda, mchanga, saruji za maduka ya vifaa vya ujenzi, na urudie hesabu kwa mwezi mzima. Hesabu ikikataa tena, uza, lakini uhakikishe logibuku (hati ya umiliki wa chombo) iko kwa jina lako na namba za chesisi na injini zinalingana na zilizoandikwa, kwa sababu mnunuzi makini ataanza na hizo. Siku ya mauzo, msaini hati za kuhamisha umiliki pamoja na mnunuzi, usimwachie ufunguo kwa ahadi ya kuzimaliza baadaye, maana ikigonga mtu kesho, polisi watakuja kwako.