Mahabusu si mfungwa jamani

Msomaji kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika makala kuhusu kazi za magereza na sheria za kubana maoni. Niseme kazi ngumu au kazi ya kulazimishwa? Sentensi yangu ni hii: Mfungwa aliyekamatwa kwa kuandika maoni yake mtandaoni analimishwa shamba wakati kesi yake inasubiri kutajwa."

Marahaba. Swali lako jibu lake fupi tu. Kazi ngumu ni inayochosha mwili, na mtu anaweza kuifanya kwa hiari yake na akalipwa vizuri. Ya kulazimishwa ni ile ambayo ukikataa unaadhibiwa, hata iwe kufagia tu. Wewe andika ya kulazimishwa, au shokoa, neno letu zuri ambalo tunalisahau bure.

Sasa kilichonipandisha hasira ni neno la kwanza kabisa la sentensi yako. Mfungwa! Kesi haijatajwa, hakimu hajatamka lolote, wewe umeshamfunga? Huyo ni mahabusu. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka na bado kila wiki nakutana na "wafungwa wanaosubiri hukumu", maneno ambayo mwisho wake unaukana mwanzo wake, na waandishi wazoefu kabisa ndo wanayaandika.

Najua kuna atakayesema mahabusu limetoka kwenye Kiarabu, mahbus, aliyezuiliwa, na mfungwa ni aliyefungwa, basi ni yaleyale. Kwa asili yanakaribiana kweli, lakini sisi wenye lugha tulishayagawia kazi zamani, anayengoja kesi rumande ni mahabusu, aliyehukumiwa ndo mfungwa.

Hebu isome tena sentensi yako uone hilo neno linavyoiharibu. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, unapiga marufuku kazi za kulazimishwa ila unaiacha kazi ya gerezani kwa masharti: itokane na hukumu ya mahakama, isimamiwe na mamlaka ya umma, na mtu asikodishwe kwa watu binafsi wala kampuni. Itokane na hukumu! Kwa hiyo ukiandika "mfungwa analimishwa", anayeujua mkataba atadhani huenda ni halali atapita zake, ukiandika "mahabusu analimishwa" atasimama hapohapo aulize nani kamtoa huyu rumande akampa jembe. Na Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinasema mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi akipenda, asilazimishwe, na akifanya alipwe. Yaani umekosea neno moja tu na waliomlimisha umewafichia kosa lao lote.

Haya, tuseme kesi imeisha na amehukumiwa kweli. Hapo mwite mfungwa, sina ugomvi, ila usidhani mambo yamekwisha kwa sababu kuna Mkataba Na. 105 wa shirika lilelile la kazi, wa 1957, unaokataza kumlazimisha mtu kazi kama adhabu ya maoni yake ya kisiasa. Ndo maana Kamati ya Wataalamu ya shirika hilo inazipitia sheria za uchochezi na za kashfa za nchi zilizoridhia, na ikikuta mtu anaweza kufungwa kwa maneno tu, bila kuchochea vurugu, na kifungo chenyewe kina kazi ya lazima ndani yake, inaiandikia serikali husika. Kwa hiyo huyo mtu usimwite mhalifu tu ukaishia hapo, andika "aliyefungwa kwa maoni yake", maana hapo sababu ya kufungwa ndo habari yenyewe.

Kitu kimoja umenifurahisha, kulimishwa. Angalia neno lilivyobeba: -ish- inatuambia kuna mtu mwingine anayelimisha, -w- inatuambia huyu anatendwa, huhitaji kuongeza "kwa nguvu" wala "bila hiari yake". Liache kama lilivyo. Andika: Mahabusu aliyekamatwa kwa kuandika maoni yake mtandaoni analimishwa shamba wakati kesi yake inasubiri kutajwa.